Mbuzi Niliyemzika Mudaka

Mtu akiniuliza kazi yangu nikamwambia mimi ni mwanaakiolojia, swali la pili huwa ni kama nimeshapata dhahabu. Nikikataa, ananitazama kwa huruma, au anatabasamu kama mtu anayejua kuwa nimepata ila ninaficha. Bukavu si mji wa kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaweza kuchimba ardhi kutwa nzima akitafuta vigae vya vyungu, akavifurahia, akavipeleka nyumbani na kuviosha kwa mswaki.

Mimi huviosha kwa mswaki. Ninafundisha katika chuo kimoja cha mjini, ndani ya darasa ambalo mvua ikianza kupiga mabati inabidi niandike ubaoni maana sauti haifiki nyuma, na siku ambazo sifundishi ninatembea kwenye miteremko nikiwa na mwiko wa mwashi ndani ya mkoba. Mji wetu umejengwa juu ya vilima vilivyochoka, na kila msimu wa mvua kipande chake kimoja huteremka. Nyumba zikianguka ninalia pamoja na wenye nyumba, kama jirani yeyote. Lakini nasema kweli: baada ya siku chache miguu yangu hunipeleka pale pale, nikasimama mbele ya ukuta wa udongo uliokatwa na maporomoko, na macho yanaanza kupanda na kushuka yenyewe. Tabaka hili jekundu, tabaka lile jeusi. Hapo palikuwa na mafiga. Hapo mtu alimwaga majivu. Aibu na udadisi vinanishika kwa pamoja, na sijawahi kuona aibu ikishinda.

Kwa njia hiyo nimewafahamu watu walioishi kando ya ziwa hili kabla mtu yeyote hajaandika jina lake. Ninajua vyungu vyao walivichora mistari kwa kijiti, kwa mkono uliotulia. Ninajua walifua chuma, maana wameacha mavi ya chuma, yale mabonge mazito yenye matundu ambayo wakulima huyatupa pembeni ya shamba. Ninajua miti waliyopenda kuchoma. Ila kuna kitu kimoja kilichoninyima usingizi tangu nikiwa mwanafunzi: wao wenyewe wako wapi? Waliishi hapa vizazi kwa vizazi, walizaa, walizeeka, walikufa, na katika miaka yangu yote ya kazi sikuwa nimepata hata jino moja la mtu.

Jibu la haraka ni udongo. Udongo wetu mwekundu ni mkali, una asidi nyingi, na mvua inauosha bila kupumzika. Unakula mifupa polepole mpaka usiache kitu. Profesa wangu wa zamani, mzee wa Ulaya aliyenifundisha kushika brashi, alikuwa akilirudia jibu hilo kila nilipomwuliza, kisha anabadilisha mazungumzo. Mimi halikunitosha. Unakula kwa muda gani? Unaanza na nini? Na tunajuaje kwamba walizikwa? Labda waliwapeleka wafu wao msituni, au ziwani. Watu wanaomzika mzee wao nyuma ya nyumba na watu wanaompeleka mbali wakarudi bila kugeuka si watu wa namna moja, na mimi nilitaka kujua ninashughulika na watu wa namna gani.

Wenzetu wa nchi nyingine, wakitaka kujua udongo unafanya nini, huzika nguruwe, wakasubiri, wakafukua. Nguruwe alinishinda bei na kelele. Nikachagua mbuzi, na mahali nikachagua kwa Maman, kijijini Mudaka, nje ya mji.

Mama yangu ni mjane, mkulima, mzaliwa wa kisiwa cha Idjwi aliyeolewa bara akiwa msichana. Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofariki, baada ya ugonjwa mrefu uliomkondesha mpaka akawa mwepesi kama kuni kavu, tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama baba yake na babu yake walivyozikwa. Hakutaka saruji. Tangu siku hiyo Maman ana desturi yake. Asubuhi akienda shambani, jembe begani, anapita pale, anasimama, anasema: “Uko?” Anangoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kusafisha koo, halafu anaendelea na safari yake. Nilimwuliza mara moja Papa huwa anajibu nini.

“Anajibu nini tena?” akasema. “Iko. Basi.”

Siku niliyofika na mbuzi, Maman alifurahi kwanza. Alimpapasa mgongo, akamsifu, akauliza ni sikukuu gani. Nilipomweleza, alikaa chini kwenye kizingiti.

“Mbuzi muzima hivi unaweka mu udongo? Na batu beko na njaa?”

“Maman, ni kazi.”

“Kazi ya kuzika nyama.” Alifikiri. “Basi toa tu maini.”

“Maini pia ninayahitaji, Maman. Lazima awe mzima.”

“Maini inafanya nini mu shimo?”

Mchinjaji wa sokoni alikuja akafanya kazi yake, na mimi nikachimba shimo mwenyewe, upande wa pili wa nyumba, mbali na kaburi la Papa. Wakati huo Tonton alikuwa ameshafika. Tonton ni mdogo wake Papa, anakaa parseli ya jirani, kiwanja kinachopakana na chetu, na ndiye kiongozi wa kwaya ya parokia, mtu wa sauti nzito anayependa kusema. Siku hiyo hakusema sana. Alisimama mikono nyuma, akatazama nikimfunga mbuzi miguu kwa kamba ya nailoni ya bluu ili aenee shimoni, akatazama nikifukia. Tena alinisaidia kupanga mawe juu, kwa sababu ya mbwa, alivyosema. Aliyapanga vizuri sana. Nilimshukuru, nikapanda gari, nikarudi mjini.

Mwaka ukapita na zaidi. Nilijikaza nisimguse mapema, ingawa kila mvua kubwa ilinifanya nimfikirie yule mbuzi kama mtu anavyomfikiria mgonjwa hospitalini. Hatimaye nikaenda. Nikaondoa mawe, nikashuka polepole, kwanza kwa jembe dogo, kisha kwa mwiko, kisha kwa brashi. Nilitarajia fuvu. Nilitarajia mbavu zilizolegea, kwato, manyoya yaliyogandamana. Nikafika chini kabisa, kwenye alama za jembe langu mwenyewe. Hapakuwa na kitu. Kamba ya bluu ilikuwepo, imekunjwa. Nikaandika: kamba. Nikaendelea kutafuta.

Hapakuwa na mfupa hata mmoja.

Nikwambie nilivyofanya? Nilikaa ukingoni mwa shimo nikicheka peke yangu. Kumbe ndiyo sababu! Kumbe walizikwa hapa hapa, mlangoni pao, na udongo huu umewameza wazimawazima! Nikaingia ndani bila kunawa vizuri. Maman alikuwa ameandaa bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwa letu, na mimi nikaanza kusema kabla ya kumeza.

“Maman, udongo wa hapa ni hatari! Unamaliza kila kitu. Hata manyoya hayakubaki.”

“Hata mufupa?”

“Hata mmoja.”

“Na ile ilikuwa mbuzi munene.”

“Mnene kabisa!”

Akaacha tonge lake kwenye sahani, akanyanyuka, akanawa mikono. Nilidhani ameshiba. Nikamalizia sambaza zake.

Mjini, furaha ilianza kunitoka kidogo kidogo. Nilimpigia profesa wangu kwa video. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza neno moja tu: meno? Jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Udongo unaweza kumaliza mguu mzima ukaacha jino. Nilimjibu kwa ukali kwamba hajui mvua zetu, lakini simu ilipokatika swali lake halikuniachia. Nikarudi kuchukua magunia ya ule udongo, nikayapanga barazani, na kila jioni nikawa ninachekecha. Nilitafuta jino kama watu wa Mwenga wanavyotafuta dhahabu mtoni, na niliambulia kokoto.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo Tonton aliponipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeudhika kweli.

“Prof, kuya huku. Mama yako anatuletea aibu.”

“Amefanya nini?”

“Anasema hatazikwa karibu na bwana yake. Anasema bamupeleke ku Idjwi, kwabo. Amesema vile mbele ya bamama ya parokia! Batu batasema nini? Batasema tulimutesa!”

Kwa mtu asiyejua kwetu, naeleza. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe wa mahari, akafunga ndoa kanisani, akazaa na kuzeeka katika parseli ile, halafu akatangaza kwamba hataki kulala karibu na mume wake, ni kama amemshtaki marehemu mbele ya watu wote. Watu hawatauliza. Watajijibu wenyewe, na majibu yao yatakaa Mudaka muda mrefu kuliko sisi sote. Na Papa, ambaye hakuwahi kumwinulia Maman sauti, angebaki pale kwenye migomba na jina baya.

Nilimkuta Maman anapepeta maharagwe. Niliona pia jambo ambalo Tonton hakulitaja: njia ndogo mpya, iliyokanyagwa katikati ya maharagwe, ambayo ilizunguka upande wa pili wa nyumba. Alikuwa hapiti tena kwa Papa.

“Maman, kuna nini?”

“Si ni weye ulisema?”

“Nilisema nini?”

Akaweka ungo chini. “Ulisema mbuzi imeisha yote. Hata mufupa. Na mbuzi iko nguvu kuliko mutu. Na Papa yako, unajua vile alikuwa amekonda. Atakuwa amebaki na nini?” Sauti yake haikutetemeka, alizungumza kama anayepanga kazi za kesho. “Kila asubui ninasimama pale ninasema, uko. Kumbe ninasalimia udongo. Sasa mukinilaza pale, nitalala karibu na nani?”

Nikachuchumaa karibu na ungo wake.

“Ku Idjwi mama yangu iko mu mawe mawe. Labda kule batu banabakia. Weye unajua udongo, mutoto yangu. Unichagulie ile inachungaka mutu.”

Niliumia. Naomba nieleweke: nimesimama mbele ya maprofesa wakali wakanirarua maandishi yangu mbele ya watu, na sikuumia hivyo. Nilikuwa nimemfisha Papa mara ya pili, tena kwa furaha, tena na chakula mdomoni. Nilijaribu kumweleza kuhusu meno, kwamba hata mimi nina shaka, kwamba mbuzi mmoja hatoshi, kwamba lazima kuzika wengine. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini habari niliyoileta nikicheka ilikuwa imeshaingia, na shaka niliyoileta baadaye kwa sauti ya chini haikuweza kuitoa.

Jumapili, baada ya misa, Tonton aliitisha wazee wachache wa ukoo. Walikaa sebuleni chini ya picha ya ndoa ya wazazi wangu, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikapita mkono kwa mkono, na Tonton akafungua kikao kwa sauti ile ile anayofungulia nyimbo. Alizungumza juu ya ng'ombe waliotolewa. Alizungumza juu ya kaka yake, mtu wa amani. Akauliza, kwa uchungu ambao haukuwa wa kuigiza, ni kosa gani marehemu amefanya akiwa ndani ya udongo.

“Hana kosa,” Maman akajibu. “Hayuko tena, basi.”

Wazee wakatazamana.

“Muulize mutoto,” Maman akasema. “Ile mbuzi yake ya mu shimo. Mwaka moja tu, imeisha yote. Hata kwato. Na bwana yangu iko na miaka ngapi pale?”

Tonton alikuwa ameinua kikombe. Kilisimama njiani.

“Mbuzi gani?” akauliza.

“Ile ya kamba ya bleu.”

Akaweka kikombe chini. Akakohoa. Akatazama mabati, akatazama picha ya ndoa, akatazama viatu vyake vya Jumapili. Nimemfahamu Tonton maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona akitafuta neno.

“Shemeki,” akasema mwishowe, “ile mbuzi haikuisha mu udongo.”

“Iliisha wapi?”

“Iliisha... ku kwaya.”

Mzee mmoja alipaliwa na kasiksi. Tonton, maadamu mlango umeshafunguka, akatoka na yote. Gari langu lilikuwa halijafika barabarani waliposhika majembe. Mbuzi amechinjwa saa ile ile, hana ugonjwa, udongo wenyewe wa baridi. Nani angemwacha aoze? Walimwita kwanza katekista anyunyize maji ya baraka, kwa sababu mtu aliyesoma akizika mbuzi mzima huwezi kujua anatafuta nini. Kisha wakamla, kwaya yote, baada ya mazoezi, na waliimba vizuri Jumapili ile kuliko wakati wowote. Mifupa ilikwenda kwa mbwa. Udongo waliurudisha, na mawe wakayapanga kama yalivyokuwa.

“Niliangalia muzuri,” akaniambia, akinigeukia kwa macho ya mtu anayetegemea kushukuriwa, “ju nisikuharibie kazi.”

“Na kamba?” nikauliza.

“Kamba ilikuwa yako, Prof. Sisi hatuko bezi.”

Ile kamba! Niliiona kwa macho yangu haya. Niliifunga kwa mafundo yaliyokaza, nikaikuta imekunjwa kama inavyokunjwa kamba ya kuanikia nguo, nikaiandika na kuipita. Udongo unaozesha, unabadilisha rangi, unasukuma vitu juu na chini. Ila haujawahi kukaa chini ukafungua fundo. Nikakumbuka barazani kwangu na magunia yale. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Ningekuwa mjini, na angekuwa mtu mwingine, ningemwambia maneno ambayo yasingerudi. Lakini huwezi kumtukana mdogo wa baba yako mbele ya wazee, Jumapili, chini ya picha ya ndoa. Nikabaki nimeshika magoti.

Ndipo nikasikia Maman anacheka. Alianza taratibu, akijizuia kwa kiganja, kisha kicheko kikamshinda, akainama, akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

“Na maini?” akauliza alipopata pumzi. “Maini alikula nani?”

Wazee nao wakaangua kicheko. Kikao kikafungwa hapo, na nadhani hakuna kikao cha ukoo wetu kilichowahi kufungwa kwa furaha kama kile.

Nililala Mudaka. Asubuhi Maman alichukua jembe, nikamwona kupitia dirisha akipita njia ya zamani. Akasimama. “Uko?” Akangoja. Halafu hakuondoka. Aliegemea mpini wa jembe akaanza kusimulia, na kwa jinsi mabega yake yalivyokuwa yakitikisika nikajua Papa anapewa habari za kwaya. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Utafiti wangu ulikuwa umeharibika wote, na sikujali.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Lakini aliporudi kutoka shambani alikuja akakaa karibu nami kwenye kizingiti, akanyoosha miguu, akasema kwa sauti ya mtu ambaye amelifikiria jambo tangu alfajiri:

“Sasa kweli kweli, Papa yako iko ao haiko?”

Nilitaka kumwambia yuko. Ilikuwa rahisi sana, na angeniamini.

“Sijui, Maman.”

“Hujui?”

“Nilidhani ninajua. Sasa sijui kitu. Inaweza kuwa yuko mzima. Inaweza kuwa ni meno tu.”

Nilimtazama usoni nikiogopa. Hakuhuzunika. Alikunja kipaji cha uso, akaanza kuuliza. Meno yanabaki kwa nini? Mfupa unaanzia kuisha wapi, nje au ndani? Mtoto mdogo anaisha haraka kuliko mzee? Na mtu aliyekunywa maziwa sana? Nilipomwambia meno ndiyo ya mwisho, alipapasa ufizi wake kwa kidole, akasema basi yeye hatasumbua udongo muda mrefu. Tulikaa pale mpaka jua likatufikia miguuni. Alinibana kwa maswali bila kuchoka, akanirukia nilipojibu vibaya, na siku ile ndipo nilipojua ugonjwa huu wa kuuliza nimeurithi kwa nani. Miaka yote nilidhani ni wa Papa kwa kuwa alikuwa mwalimu.

“Utazika ingine?” akaniuliza.

“Lazima. Lakini wataila tena.”

“Bataikula,” akakubali, bila kuwaonea haya wanakijiji wenzake. Akakwangua udongo mkavu kwenye ukingo wa jembe lake kwa ukucha. “Mimi, hakuna mutu atanikula.”

Nilijifanya sikusikia.

“Munilaze pale, karibu na Papa yako,” akaendelea. “Uhesabu miaka yenye unahitaji. Kisha ufungue, uangalie. Mimi ninaruhusu. Nitasemea Tonton, nitasemea na padri. Lakini ukuye weye mwenyewe. Usitume ba-etudia bako ba chuo.”

“Maman, hapana.”

“Ju ya nini?”

“Wewe ni mama yangu!”

Alinigeukia. Hakukasirika, alikuwa na hamu ya kweli ya kusikia nitakavyojibu, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Na bale unatafutaka, batu ya zamani, beko bamama ya nani?”

Miaka yote hiyo nimezunguka miteremko nikiomba nipate mmoja tu, hata taya, hata jino. Nimewaambia wanafunzi wangu, kwa furaha, kwamba siku tukimpata tutashangilia. Kumbe nilikuwa ninamtafuta kwa hamu mama wa mtu, nikiwa nimetulia kwa sababu moja tu, kwamba mwanawe hayuko karibu kunikataza.

“Kama hauwezi kunifungua mimi,” Maman akasema, “uachane na bale pia. Ubakie na vyungu.”

“Na kama ninaweza?”

“Kama unaweza, ni muzuri. Mimi nitafurahi. Miaka yote ile mu udongo, batu yangu yote bamekufa, na mutu moja anakuya kunitafuta?” Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekwisha kuliona jambo lenyewe. “Nitafurahi kabisa.”

Kazi yangu yote ilikuwa pale kizingitini, kati ya magoti yake na yangu, na ilikuwa inangoja neno langu moja. Nilitazama migomba. Nilitazama mikono yake, jinsi vidole vilivyopinda kwa kushika mpini. Kisha nikamwambia ndiyo, nitakuja, mimi mwenyewe, na nitakuja na brashi laini.

“Aksanti,” akasema. Akainuka, akajipangusa kikwembe, akageuka tena kama aliyesahau kitu. “Lakini usikuye mbiyo mbiyo. Uniache kwanza nilale na bwana yangu.”

“Sina haraka, Maman,” nikamwambia. “Sina haraka hata kidogo.”